Waipa ya nyuma imegoma? Isikilize kwanza kabla ya kununua mota

Mvua za vuli zinapoanza kukolea Mwanza, Oktoba kwenda Novemba, ndipo wengi wetu tunapogundua kwamba waipa ya nyuma iliacha kufanya kazi zamani. Kiangazi chote hakuna aliyeigusa. Kioo kikijaa vumbi tunapitisha kitambaa asubuhi, tunaondoka. Halafu siku moja mvua inakukuta kati ya Usagara na Buhongwa, unazungusha swichi, nyuma kimya.

Sedani nyingi hazina hata waipa ya nyuma, na hazihitaji sana, kwa sababu kioo chake kimelala na upepo unakisafisha. Sisi wa IST, Spacio, Raum, Probox, Noah na RAV4 kioo chetu kimesimama wima. Hewa inayopita juu ya paa ikifika ukingoni inaachana na gari ghafla, nyuma ya kioo panabaki nafasi yenye mgandamizo mdogo, na nafasi hiyo inavuta vumbi na maji ya matairi na kuyabandika kwenye kioo. Kadiri unavyokwenda ndivyo kinavyozidi kuchafuka, hata mvua ikipungua.

Gari langu ni la mwaka 2001. Siku moja nilikuwa narudi nyuma kwenye mteremko wa Bugarika kupisha gari lililokuwa linapanda, na nikakanyaga breki kwa sababu tu nilisikia watu wakipiga kelele. Nyuma yangu alikuwepo kijana na mkokoteni wake, na mimi kwenye kioo naona rangi ya kahawia tupu. Kesho yake nikaenda kwa fundi. Akazungusha swichi mara mbili, akasema, "Mota imekufa hii, dada. Tafuta nyingine." Nikatafuta, nikanunua ya mtumba, ikafungwa, nayo ikakaa kimya vilevile. Mota yangu ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Kilichokufa kilikuwa ni waya mmoja mwembamba.

Tangu hapo nimefungua milango ya nyuma ya magari ya ndugu na majirani, na mota iliyokufa kweli nimekutana nayo mara chache sana. Mara nyingi ni shafti iliyoganda, yaani ile fimbo ya chuma inayozungusha mkono wa waipa, au waya uliokatika. Matatizo hayo mawili ukiyatazama kwa macho yanafanana, waipa haiendi. Ukiyasikiliza, kila moja lina sauti yake.

Namna ya kusikiliza

Weka gari mahali pasipo na kelele. Lowesha kioo kwanza, maana mpira mkavu juu ya kioo kikavu unaongeza mzigo na kukuchanganya. Zungusha ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, injini usiiwashe. Kwenye magari mengi ya Japani swichi ya waipa ya nyuma ni pete iliyo kwenye ncha ya mkono wa kushoto wa usukani. Mwenzako azungushe pete hiyo mpaka ON, si INT, kwa sababu INT ni ya vipindi na inaweza kukaa kimya sekunde kadhaa ukadhani imegoma. Wewe weka sikio kwenye mlango wa nyuma, chini ya kioo.

Kama gari lako ni Hilux Surf ambalo kioo cha nyuma hushuka ndani ya mlango, pandisha kioo mpaka mwisho kabla ya kufanya lolote. Kioo kisipofika juu kabisa waipa haitembei, na hiyo si hitilafu.

Mota inalia, mkono wa waipa haujongei

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Inua kofia ya plastiki iliyo kwenye shina la mkono. Ndani kuna nati, mara nyingi ya spana namba 10, na utaikuta imelegea. Kabla ya kuikaza, toa mkono utazame meno yake ya ndani. Mkono ni wa aluminiamu laini na shafti ni ya chuma, kwa hiyo ukitembea na nati iliyolegea meno ya mkono yanasagika. Meno yakiwa bado yapo, safisha kwa mswaki wa waya, acha mota izunguke mara moja na kusimama yenyewe mahali pake pa kupumzikia, ndipo urudishe mkono na kukaza. Meno yakiwa yameisha, tafuta mkono mwingine. Kuweka kipande cha bati katikati kunashika wiki moja tu.

Lakini kama shafti yenyewe haizunguki huku mota ikilia, gia ya plastiki iliyo ndani imevunjika. Hapo kweli unahitaji mota nyingine.

Inaguna kidogo kisha inanyamaza

Unasikia mguno mfupi, au mlio mmoja kama wa kucha kwenye bati, taa za dashibodi pengine zinafifia, kisha kimya. Ukiendelea kujaribu, fyuzi inakatika. Hii ni shafti iliyoganda. Mota ina nguvu na umeme inaupata, ila haiwezi kuzungusha.

Shafti ya chuma imepita ndani ya shingo ya aluminiamu. Kati yao kuna grisi kidogo na oringi, yaani pete ya mpira, na juu kuna kofia ya kuzuia maji. Kofia ikipotea, au oringi ikikauka na kupasuka, maji yanashuka kando ya shafti. Aluminiamu ikiliwa hutoa unga mweupe, na unga huo unachukua nafasi kubwa kuliko aluminiamu yenyewe. Unaibana shafti kama kabari.

Watu huniambia kwamba kutu ya namna hii ni ya Dar na Tanga, kwamba ziwa letu ni la maji baridi. Ziwa kweli halina chumvi, ila gari halikuanzia maisha hapa. Magari yaliyotembea mikoa ya theluji ya Japani, kama Hokkaido, yamepita miaka mingi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Kisha yakavuka bahari na kukaa bandarini. Chumvi hiyo ilishaingia kwenye shingo ya waipa kabla hujaliona gari, na unyevu wa vuli na masika unaendeleza kazi iliyokwisha kuanza.

Chanzo kingine tunakileta wenyewe, nacho ni mashine za presha kwenye sehemu za kuoshea magari. Kijana anaelekeza mdomo wa bomba kwenye shina la waipa ili atoe tope, na presha hiyo inasukuma maji kupita oringi ambayo mvua isingeipita. Mwombe akae mbali angalau urefu wa mkono anapofika hapo. Nimekuwa nikiwaambia hivi kila mara na wananielewa vizuri; hakuna aliyekuwa amewaeleza.

Usijaribu kuizungusha shafti kwa koleo wala kuusukuma mkono wa waipa kwa nguvu. Mota inazungusha gia kwa njia ya skrubu, na mwendo huo haurudi kinyume. Ukilazimisha, kitakachovunjika ni meno ya gia ya plastiki, na hapo mota iliyokuwa nzima itakuwa imekufa kweli. Njia ya uhakika ni kuitoa.

Chomoa kwanza waya hasi wa betri. Weka kipande cha tepu kwenye kioo kuonyesha mpira ulikuwa umelala wapi, kisha toa mkono. Taratibu: mkono una springi, ukikuponyoka unaweza kupasua kioo. Bandua paneli ya ndani ya mlango kwa bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa, klipu moja moja. Klipu za plastiki zilizozeeka huvunjika, kwa hiyo nunua chache mapema. Kama shafti imepita kwenye kioo chenyewe, ile nati kubwa ya nje ina mpira juu na chini, kumbuka ulivyopangwa. Chomoa plagi, fungua bolti tatu, toa mota nzima.

Fungua mfuniko wa gia na uupige picha kabla ya kugusa chochote. Weka alama mahali gia ilipo, maana ukiirudisha vibaya waipa itapumzikia katikati ya kioo. Ondoa kijiti kinachounganisha gia na shafti. Sasa shafti iko peke yake na unaweza kuijaribu kwa vidole. Nzima inazunguka bila kelele. Iliyoganda haitikisiki kabisa.

Puliza mafuta ya kulegeza kutu juu na chini ya shingo, uache mpaka kesho. Kuna klipu ndogo ya duara upande wa nje, itoe. Pasha shingo joto kwa kitambaa kilichochovywa maji yanayochemka, au kwa mashine ya kukaushia nywele: aluminiamu inatanuka kuliko chuma, na tofauti hiyo ndogo inatosha. Usitumie moto wa wazi, pana plastiki. Rudisha nati mpaka iwe sawa na ncha ya shafti ili kulinda nyuzi, weka kipande cha mbao, gonga kidogokidogo. Isiposogea, mafuta tena, joto tena. Moja niliyoitoa Nyegezi ilichukua siku tatu, ikatoka.

Ikitoka, sugua shafti kwa msasa laini mpaka ing'ae na usafishe shingo kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye kijiti chembamba. Tia oringi mpya na grisi ya beringi, rudisha. Kazi hii ukiifanya vizuri unasahau kabisa kwamba kulikuwa na tatizo. Kupuliza mafuta kwa nje bila kufungua nako kunasaidia kwa siku chache, ila mafuta hayo huyeyusha grisi iliyobaki, na mvua zikirudi hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Kosa linalonitia hofu kuliko yote ni mtu kuona fyuzi ya ampea 10 inakatika akaweka ya 30, au akafunga waya. Fyuzi ilikuwa inakueleza kwamba mota imebanwa. Ukiinyamazisha, joto linahamia kwenye nyaya zilizopita chini ya zulia na juu ya dari, na gari linaweza kuungua watu wakiwa ndani.

Kimya kabisa

Anza na fyuzi. Katika Toyota nyingi imeandikwa RR WIP kwenye mfuniko wa sanduku la fyuzi, chini ya dashibodi upande wa dereva. Ikiwa imekatika, weka mpya yenye namba ileile na uangalie inakatika lini. Ikikatika unapowasha ufunguo tu, kabla hata ya kugusa swichi, kuna waya unaopiga shoti kwenye bodi. Ikidumu na kukatika sekunde chache baada ya kuzungusha swichi, rudi juu kwenye shafti iliyoganda.

Fyuzi ikiwa nzima, tazama vitu vingine vilivyoko kwenye mlango wa nyuma. Taa ya namba inawaka? Taa ya tatu ya breki? Loki ya mlango inaitikia? Nyuzi za kupasha kioo zinapata joto? Kimoja kati ya hivyo kikiwa nacho kina shida, au kinakuja na kupotea unapofungua na kufunga mlango, nenda moja kwa moja kwenye bomba la mpira lililo kati ya bodi na mlango, juu karibu na bawaba.

Nyaya zote za mlango zimepita ndani ya bomba hilo. Kila ukifungua mlango zinakunjwa, kila ukifunga zinanyooka. Gari la miaka 20 linalobeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni kila wiki limefanya hivyo mara elfu nyingi. Ganda la plastiki linakuwa gumu, linapasuka, kisha nyuzi za shaba zinakatika mmoja baada ya mwingine. Hapa ndipo gari langu lilipokuwa na shida, na hapa ndipo ningeanzia kwenye gari lolote la umri huo.

Chomoa bomba pande zote mbili, lisukume nyuma, vuta kila waya kidogo. Uliokatika ndani ya ganda unarefuka kama mpira badala ya kukaza. Na usitegemee mita ya kupimia umeme peke yake. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 nzuri kabisa, kwa sababu mita haivuti umeme wowote wa maana. Ukimpa mota kazi, uzi huo hauwezi. Tumia taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida: ikiwaka hafifu, waya huo umekwisha hata kama mita inasema ni mzima.

Wengi wanaunga pale pale palipokatika, kwa risasi ya kuchomelea nyaya, wakazungushia tepu. Baada ya miezi michache unakatika tena, sentimita moja kando ya kiungo, kwa sababu risasi inafanya waya kuwa mgumu na unaokunjika sasa ni ukingo wa ugumu huo. Kata sehemu yote iliyochoka. Weka waya mpya wenye nyuzi nyingi nyembamba na unene uleule, mrefu wa kutosha ili viungo viangukie ndani ya bodi upande mmoja na ndani ya mlango upande wa pili, mahali pasipokunjwa. Viungo visiwe mstari mmoja, vipishane, la sivyo bomba halitarudi kwenye tundu lake, na maji ya mvua yataingia hapo. Na nyaya zingine zilizopasuka ganda usiziache, hata kama leo zinafanya kazi.

Bomba likiwa zima, nenda kwenye plagi ya mota. Ufunguo ukiwa umewashwa na swichi iko ON, funga klipu ya taa ya kupimia kwenye chuma kisafi cha bodi, gusa tundu moja moja. Kwenye magari mengi ya zamani utapata moto, yaani umeme, wa kudumu kwenye waya mmoja na moto wa swichi kwenye mwingine. Mengine swichi inaleta ethi, yaani upande hasi unaorudi kwenye bodi, kwa hiyo rudia jaribio klipu ikiwa kwenye moto. Umeme ukifika na mota imekaa kimya, peleka waya wa ethi wa muda kutoka kwenye ganda la mota hadi kwenye bodi. Ikiamka, ethi ndiyo mbovu. Sugua bolti yake mpaka chuma king'ae. Gari linalobeba samaki, kagua pia ethi zilizo kwenye pembe za buti karibu na taa za nyuma, kwa sababu maji ya barafu na samaki yanatuama hapo na kula chuma.

Ethi ikiwa nzuri, gonga mota kidogo kwa mpini wa bisibisi swichi ikiwa ON. Ikianza kuzunguka, kaboni zake, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota, zimeisha. Isipoanza, ipe umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wenye fyuzi ya ampea 10. Ikikaa kimya hata hapo, sasa unaweza kusema mota imekufa. Na ukienda kununua ya mtumba, muuzaji aiwashe kwa betri mbele yako, na ulinganishe idadi ya pini kwenye plagi, maana umbo linaweza kufanana na nyaya zikawa tofauti.

Umeme usipofika kabisa, na bomba ni zima, kinachobaki ni rilei ya vipindi (swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima waipa kwenye INT), kama gari lako linayo peke yake, au swichi ya usukani. Pete ile haiguswi miezi mingi, mguso wake wa shaba unapata weusi. Izungushe mbele na nyuma mara ishirini. Ikiamka kwa kusuasua, inahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Inasimama popote, au haisimami

Ukizima swichi, waipa ya kawaida hurudi kupumzika yenyewe. Inafanya hivyo kwa moto wa kudumu unaopita kwenye sahani ya shaba iliyo juu ya gia. Sahani ina pengo, na gia ikifika hapo umeme unakatika. Ikisimama katikati ya kioo pale pale ulipozima, moto wa kudumu haufiki, rudi kwenye bomba la mpira, au sahani imechafuka na grisi iliyokauka. Fungua mfuniko, safisha kwa petroli kidogo kwenye kitambaa ukiwa nje penye hewa, inua ndimi za shaba kidogo zishike. Isiposimama kabisa, ndimi hizo zimepinda zikagusana, au rilei imeshikana ndani.

Maji hayatoki, au inafuta vibaya

Baadhi ya magari yana pampu moja inayozunguka upande huu kwa kioo cha mbele na upande mwingine kwa cha nyuma, kwa hiyo kwenye hayo mbele kukifanya kazi pampu haijafa, tafuta swichi au bomba. Bomba la nyuma hupita hadi mlangoni na hupasuka kwenye lile lile bomba la mpira la nyaya. Dari ikiwa na doa la maji nyuma, ni hilo. Kwenye VW Golf na baadhi ya magari mengine ya Ulaya maji hupita katikati ya shafti ya waipa, na mpira wake ukiisha maji yanaingia kwenye mota, kwa hiyo shughulikia mapema. Usijaze tangi kwa maji yaliyochotwa ziwani. Mwani na mchanga huziba kichujio cha pampu.

Mpira wenyewe hauhitaji maelezo mengi. Jua letu linaukausha, ukiacha mistari au kuruka ruka, badilisha. Mipira mingi ya nyuma ni ya sentimita 30 hadi 40, pima ya zamani kabla ya kwenda dukani. Wadudu wa ziwani wakibandika kioo usiku, waloweshe na uwaondoe kwa mkono kabla ya kuwasha waipa. Wakikauka ni kama gundi, na waipa inayokwama juu yao inarudisha mzigo ule ule kwenye mota.

Kabla ya kufunga paneli, rudisha mkono kwenye alama ya tepu, kaza nati bila kujitutumua, mimina ndoo ya maji kwenye kioo na uache waipa ifanye kazi dakika tano. Fungua na ufunge mlango mara kumi huku inafuta. Tazama kwa tochi ndani ya mlango, chini ya shingo ya shafti. Pakiwa pakavu, rudisha klipu.